Ukulele ya nyuzi sita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyuzi na vigingi

Lalamiko linalosikika zaidi kwa wapigaji wa ukulele ya nyuzi sita ni hili: "Vigingi vyangu vinateleza." Ukivikagua, mara nyingi unavikuta vizima. Kilichoteleza ni uzi, ama kwenye fundo la daraja ama kwenye nguzo, au uzi umebanwa na mkato wake kisha ukaachia ghafla. Ndiyo maana hapa maswali ya nyuzi na ya vigingi yamewekwa pamoja. Ukiyatenganisha utaishia kununua kitu ambacho hukukihitaji.

Kwanza tuelewane kwa maneno machache. Kigingi ni kile kifaa cha kichwani cha kukazia uzi. Nguzo ni sehemu yake inayozungukwa na uzi, na kishikio ni pale unaposhika kwa vidole. Tyuna ni kipima sauti cha umeme, kile cha kubana kichwani au cha kwenye simu. Mfupa wa juu ni kile kipande chenye mikato ambako nyuzi hupita zikitoka kichwani kuingia shingoni, na mfupa wa daraja ni ule wa upande wa pili, hata kama vyote viwili ni vya plastiki. Daraja lenyewe ni kile kipande kilichobandikwa usoni, yaani kwenye ubao wa mbele, ambako nyuzi hufungwa.

Nitajuaje ukulele yangu ya nyuzi sita ni ya aina gani?

Tazama namna nyuzi zilivyokaa. Kama kuna nyuzi mbili zilizo peke yake na jozi mbili zilizobanana, hiyo ni ukulele ya jozi, ambayo kampuni ya Kamaka ya Honolulu, iliyoanzishwa mwaka 1916, huiita Liliʻu. Unaishika kama ukulele ya kawaida ya nyuzi nne. Ina G, C, E na A, ila C na A kila moja imepewa mwenzake wa oktavu tofauti, yaani noti ileile lakini ya juu zaidi au ya chini zaidi.

Kama nyuzi zote sita zimeachana sawasawa, hiyo ni gitalele. Hutuniwa A, D, G, C, E, A kuanzia uzi mnene, na mkono unaipiga kama gitaa lililopandishwa nusu toni tano, yaani kama vile umeweka kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya 5 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatisha shingo). Watu huinunua wakidhani ni ukulele, kisha wanashangaa kordi walizojifunza hazitoshi. Nyuzi za aina moja hazifai kwa nyingine, kwa hiyo swali hili lijibiwe kabla hujatoa hela.

Majibu mengi hapa chini ni ya ukulele ya jozi. Gitalele ina sehemu yake.

Kila uzi unatakiwa kuwa na sauti gani hasa?

Kwa mpangilio uliozoeleka: G ni 392 Hz (Hz ni mitikisiko kwa sekunde). Jozi ya C ina C nzito ya 261.6 Hz na C nyembamba ya 523.3 Hz. E ni 329.6 Hz. Jozi ya A ina A nyembamba ya 440 Hz na A nzito ya 220 Hz.

Nimeziandika namba hizi kwa sababu tyuna nyingi huonyesha herufi tu. Ukiona "A" huwezi kujua ni ya 220 au ya 440. Hapo ndipo A nzito hupandishwa mpaka oktavu ya juu na mtu aliyekuwa anafuata maelekezo kwa uaminifu kabisa. Kupandisha uzi oktavu moja ni kuuongezea mvuto mara nne, kwa kuwa mvuto hukua kwa kipeo cha pili cha sauti. Uzi uliokuwa ukivuta kilo 5 unatakiwa uvute 20. Hautafika, utakatika, au fundo litaruka na kukuchapa mkononi. Mimi nilijifunza hili kwa alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono. Tafuta tyuna inayoonyesha A3 (ya 220) na A4 (ya 440), au uwe na sauti ya kulinganishia kutoka kinanda au simu.

Ninunue seti gani?

Nunua seti iliyoandikwa wazi kuwa ni ya ukulele ya nyuzi sita, na ya tena. Tena ni saizi yenye urefu wa uzi wa takriban sentimita 43 kati ya mfupa wa juu na mfupa wa daraja, na ukulele nyingi za nyuzi sita ni za saizi hiyo. Hata hivyo pima mwenyewe kwa rula, usiamini jina. Urefu huingia kwenye hesabu ya mvuto kwa kipeo cha pili kama sauti, kwa hiyo tofauti ya sentimita mbili tatu si ndogo.

Ukikosa seti kamili, unaweza kuiunda: chukua seti ya kawaida ya tena ya nyuzi nne, kisha uongeze nyuzi mbili za kununua mojamoja, yaani A nzito na C nyembamba. Hizo mbili ndizo zenye mambo. Nne zilizobaki, seti karibu yoyote nzuri itakuridhisha, na sioni sababu ya kuumiza kichwa juu yake.

Kanuni ya kukusaidia kuchagua unene ni hii: kwa nyuzi za aina moja zenye mvuto sawa, ukishuka oktavu moja unene huongezeka mara mbili. Chukua A nyembamba ya fluorokaboni (aina ya plastiki, jibu linalofuata linaieleza) yenye unene wa milimita 0.53. Kwenye urefu wa sentimita 43 inavuta takriban kilo 5.7. Ukitaka A nzito ya fluorokaboni yenye mvuto huohuo, itabidi iwe na milimita 1.06, na uzi mtupu mnene hivyo sauti yake ni butu, kama kugonga boksi la karatasi. Kwa sababu hiyo A nzito mara nyingi huwa ni uzi uliovikwa waya. Waya unaongeza uzito bila kuufanya uzi kuwa mgumu.

Si lazima nyuzi mbili za jozi ziwe na mvuto sawa kabisa, lakini zikitofautiana sana utausikia kidoleni: mmoja unalegea chini ya kidole huku mwenzake unagoma. Kordi ya kubana kwa kidole kimoja huwa mateso.

Nailoni au fluorokaboni?

Fluorokaboni ni nzito kuliko nailoni: uzito wake ni kama gramu 1.8 kwa kila sentimita moja ya ujazo, wakati nailoni ni kama 1.1. Kwa sauti na mvuto uleule, uzi wa fluorokaboni huwa mwembamba kwa karibu moja ya tano. Wembamba huo ndio unaofanya sauti yake iwe angavu na ikae kwa muda mrefu zaidi. Pia fluorokaboni hainyonyi unyevu kama nailoni, kwa hiyo mvua ikikaribia haikusumbui sana.

Nailoni ina sauti laini, ya mviringo, na kidole kinaipenda. Inanyooka kwa siku nyingi zaidi kabla ya kutulia.

Kwenye ukulele ya jozi ningechagua fluorokaboni kwa nyuzi zilizo peke yake, kwa C nzito na kwa A nyembamba. Sababu yangu ni nafasi. Nyuzi mbili za jozi zimeachana milimita chache tu, na uzi mnene unaotikisika kwa upana huanza kumgonga jirani yake. Kwa C nyembamba mambo ni tofauti, na jibu linalofuata linaeleza.

Kwa nini C nyembamba inakatika kila mara? Niweke uzi mnene zaidi?

Hapana, na hapa wengi hupotea njia. Akili ya kawaida inasema uzi mnene una nguvu zaidi, basi hautakatika. Ni kweli una nguvu zaidi, lakini kuufikisha kwenye noti ileile kunahitaji mvuto mkubwa zaidi, na vyote viwili hukua kwa kiwango kilekile. Uzi ukiwa mnene mara mbili kwa eneo lake la kukatia, unabeba mara mbili na unadaiwa mara mbili. Kwa hiyo kwa malighafi moja na urefu mmoja, noti ambayo uzi utakatikia ni ileile, uwe mnene au mwembamba.

Vinavyobadilisha hali ni vitatu: urefu, noti na malighafi. Urefu huwezi kuugusa. Malighafi unaweza. Nailoni kwa kuwa ni nyepesi inafika C ya juu ikiwa imebanwa kidogo kuliko fluorokaboni, kwa hiyo kama C yako ya fluorokaboni haidumu, jaribu ya nailoni hapo tu. Noti pia unaweza: shusha ukulele nzima nusu toni au toni nzima, uone kama tatizo linaisha. Ukiimba, pengine sauti yako itashukuru.

Kabla ya hayo yote, angalia uzi ulikatikia wapi.

Ukikatikia kwenye nguzo ya kigingi, tundu la nguzo lina ncha kali. Pitisha uzi mnene wa zamani humo, uvute mbele na nyuma kama unayeng'arisha, ukiwa umepaka kidogo dawa ya kusugulia chuma. Ukikatikia kwenye mfupa wa juu, mkato ni mwembamba mno au una kona kali upande wa kichwani. Fundi anahitaji dakika tano tu. Ukikatikia kwenye fundo la daraja, fundo limejikata lenyewe, kwani uzi mwembamba ukijizungushia mara moja tu hujinyonga. Ukikatikia katikati ya shingo, pitisha ncha ya kucha kwenye freti zilizo chini yake. Moja ina ncha kali.

Uzi unaokatika mahali palepale mara tatu haukatiki kwa ubovu wa kiwanda.

Naweza kuweka nyuzi za chuma ili sauti iwe kubwa?

Usiweke, isipokuwa ukulele iliundwa kwa ajili hiyo. Chuma kinavuta kwa nguvu ambayo daraja la kubandikwa kwa gundi na uso mwembamba havikuandaliwa kuibeba.

Uzi uliovikwa waya si uzi wa chuma. Ndani yake kuna nyuzinyuzi laini za nailoni, na waya wa nje huwa ni wa shaba iliyopakwa fedha au wa metali nyingine laini. Huo hauna shida.

Nimesikia watu wanatumia mshipi wa kuvulia samaki. Ni kweli?

Ni kweli, na inafanya kazi vizuri. Mshipi wa fluorokaboni ni malighafi ileile. Chagua kwa milimita, si kwa uzito ulioandikwa kwenye rola, maana uzito huo ni wa samaki na kila mtengenezaji ana namna yake ya kuuhesabu. Na hakikisha ni fluorokaboni kamili. Kuna mshipi wa nailoni uliopakwa fluorokaboni kwa nje tu, na huo una tabia za nailoni. Kwa mtu anayekata C nyembamba mara kwa mara, rola moja ni ukombozi.

Gitalele yangu iwekwe nyuzi gani?

Nyuzi za gitaa la klasiki zinafaa, na hesabu inaonyesha kwa nini. Gitaa la klasiki lina urefu wa uzi wa takriban milimita 650, na gitalele ya Yamaha ina 433. Urefu umepungua hadi theluthi mbili, lakini sauti imepandishwa kwa karibu theluthi moja. Ukizidisha vyote kwa vipeo vyake, mvuto unabaki kama asilimia 79 ya ule wa gitaa. Ni laini kidogo, lakini unapigika. Ukichukua seti iliyoandikwa mvuto wa juu, utakaribia zaidi hisia ya gitaa.

Kosa ni kuituni kama gitaa la kawaida, E mpaka E, kwa nyuzi hizohizo. Mvuto unashuka hadi asilimia 44 hivi, nyuzi zinalegea kama kamba ya kuanikia nguo na kila freti inavuma kama nyuki. Anayetaka E mpaka E atafute nyuzi nene zilizoundwa kwa ajili ya urefu mfupi.

Seti ya gitaa ni ndefu kupita kiasi kwa gitalele. Kwa nyuzi zilizovikwa waya, kunja pembe kwanza pale unapotaka kukata, ndipo ukate baada ya pembe. Ukikata bila kukunja, waya unaweza kuanza kufumuka.

Nyuzi sita hazitang'oa daraja?

Kama iliundwa kwa nyuzi sita, haitang'oka. Nyuzi nne za kilo 5 kila moja ni kilo 20, sita ni 30. Ongezeko la nusu nzima. Fundi aliyeiunda alilijua hilo. Swali la kuogopa ni la yule anayetaka kutoboa matundu mawili ya ziada kwenye ukulele ya nyuzi nne. Siungi mkono.

Lakini chunguza. Mara moja kwa miezi michache weka ukingo wa karatasi nyuma ya daraja. Karatasi ikiingia chini yake, gundi imeanza kuachia: legeza nyuzi siku hiyohiyo na utafute fundi.

Kinyume chake kinaruhusiwa. Unaweza kuondoa A nzito na C nyembamba ukapiga nyuzi nne tu, hakuna kitakachoharibika.

Nafungaje uzi mpya usiteleze?

Badilisha mmoja mmoja. Ukiondoa zote sita kwa pamoja, mfupa wa daraja unaweza kudondoka, na utapoteza kumbukumbu ya mpangilio wa jozi, ambao kila mtengenezaji anaweza kuwa na wake. Piga picha kwanza.

Kwenye daraja la kufunga, pitisha uzi kwenye tundu kutoka mbele, urudishe juu, upite chini ya uzi wenyewe, kisha mkia uuzungushe. Kwa uzi mnene zungusha mara moja au mbili. Kwa C nyembamba na A nyembamba zungusha mara tatu. Mkia uishie nyuma ya daraja, ukibanwa na kona ya mbao, si juu yake. Jambo hili dogo ndilo siri yote: mkia ulioishia juu ya daraja hauna kinachoubana, nao utaanza kutambaa uzi ukipandishwa. Na ukitambaa utasema kigingi kinateleza.

Kama daraja lako lina mpasuo na fundo, fundo la uzi mwembamba linaweza kupenya. Pitisha uzi kwenye ushanga mdogo kabla ya kufunga.

Kichwani, uzi upite upande wa ndani wa nguzo, ule unaotazama katikati ya kichwa, na mizunguko ishuke kuelekea kwenye mbao. Mizunguko miwili au mitatu inatosha kwa uzi mnene, minne au mitano kwa ule mwembamba. Mzunguko wa kwanza upite juu ya mkia, unaofuata upite chini yake, ili mkia ubanwe katikati. Mizunguko ikizidi, inapandana, na kila ukipiga kwa nguvu inajipanga upya na sauti inashuka.

Ukimaliza, vuta uzi taratibu kwa vidole ukiuinua kidogo kutoka kwenye shingo, utuni, rudia. Usiuvute kama unang'oa mhogo.

Baada ya siku ngapi sauti itatulia?

Fluorokaboni siku mbili tatu, nailoni wiki au zaidi. Ukiwa na onyesho Jumamosi, usibadilishe nyuzi Ijumaa.

Namna gani ya kutuni jozi bila kuchanganyikiwa?

Tyuna ikisikia nyuzi mbili kwa pamoja inayumba. Weka kidole kwenye uzi mmoja kuuzima, utuni mwenzake. Kisha geuza. Mwisho piga zote mbili na usikilize, usitazame. Kama kuna wimbi, ile "wau-wau" ya polepole, bado hazijakubaliana. Rekebisha ule mwembamba mpaka wimbi liishe. Tyuna inakufikisha mlangoni. Sikio ndilo linaloingia ndani.

Malizia kila mara kwa kupanda. Ukipita noti, usishuke na kuishia hapo. Shuka chini yake kabisa, kisha panda. Gia zote zina nafasi ndogo kati ya meno, na ukimaliza kwa kushuka uzi utakula nafasi hiyo baadaye, katikati ya wimbo.

Baada ya kutuni nyuzi zote sita, rudia ya kwanza. Uso wa ukulele ni mwembamba, unajikunja kidogo kila mvuto unapoongezeka, na nyuzi ulizotuni mwanzo zitakuwa zimeshuka.

Kuna vigingi vya aina ngapi, na vipi vinafaa kwa nyuzi sita?

Kuna vya msuguano, ambavyo kishikio na nguzo ni kitu kimoja: ukizungusha mara moja, nguzo nayo inazunguka mara moja. Ni vyepesi na vizuri kwa macho. Kwa nyuzi nne vinavumilika. Kwa C nyembamba ya nyuzi sita, ambako nywele moja ya mzunguko inabadilisha noti, vinahitaji mkono wa sonara.

Kuna vya gia za pembeni, vya wazi au vilivyofungwa ndani ya kasha. Uwiano wa 14:1 maana yake unazungusha kishikio mara 14 ili nguzo izunguke mara moja. Upo pia wa 18:1, ulio mwororo zaidi.

Na kuna vya gia za ndani, vinavyofanana na vya msuguano kwa nje lakini vina uwiano wa takriban 4:1. Ni ghali. Kwa aliye na uwezo ndivyo ningemshauri, kwa sababu vinatuni kwa utulivu bila kuelemeza kichwa. Asiye na uwezo achukue vya gia za pembeni, 14:1, na asijisikie kapungukiwa.

Kigingi kinateleza kweli. Nifanye nini?

Hakikisha kwanza. Chukua penseli, weka alama ndogo kwenye nguzo na nyingine mkabala wake kwenye mbao. Weka alama pia kwenye uzi pale unapoingia kwenye fundo la daraja. Piga kwa nusu saa. Sauti ikishuka na alama za nguzo hazijaachana, kigingi hakina hatia. Kama alama ya darajani imesogea, ni fundo. Kama hakuna kilichosogea, ni uzi mpya unaonyooka, au mkato wa mfupa wa juu.

Mkato unajitambulisha kwa sauti: unapotuni unasikia "tik", na noti inaruka badala ya kupanda. Toa uzi kwenye mkato, pitisha ncha ya penseli laini mara chache, rudisha. Unga wa penseli unalainisha bila kunata.

Kama nguzo ndiyo iliyozunguka, inategemea aina. Kigingi cha msuguano kina skurubu mwishoni mwa kishikio: kaza robo mzunguko, ujaribu, usizidishe. Kigingi cha gia kwa kawaida hakiwezi kurudi nyuma chenyewe, kwa kuwa skurubu yake ya mlalo huzungusha gurudumu la meno lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skurubu. Skurubu ndogo ya kwenye kishikio chake inabadilisha wepesi wa kuzungusha tu. Watu huikaza mpaka plastiki inapasuka wakitafuta kuzuia mtelezo ambao hautoki huko. Kigingi cha gia kinachorudi nyuma kweli kina meno yaliyolika au gurudumu lililolegea kwenye nguzo. Kaza skurubu ya katikati ya gurudumu, na isiposaidia, kibadilishe.

Nipake mafuta?

Gia za wazi: tone moja dogo la grisi nyepesi kwenye meno, mara moja au mbili kwa mwaka, baada ya kusafisha vumbi kwa mswaki wa zamani. Zungusha kishikio, futa kinachobaki. Gia za kasha: usiguse, zimewekewa grisi kiwandani. Vya msuguano: kamwe. Kigingi kinachoshika kwa msuguano ukikipaka mafuta umekiua. Kama ni cha mbao na kimegoma, kipake sabuni kavu kidogo. Kama kinateleza, chokaa ya kuandikia. Na usipulizie mafuta ya kopo kichwani, yanalowa kwenye mbao na hayatoki.

Kichwa kinatoa mlio wa chuma nikipiga noti fulani.

Kuna kitu kimelegea. Bana kila kishikio kwa vidole huku mtu mwingine akipiga noti ile. Mlio ukikoma, umempata mkosaji. Mara nyingi ni ile pete inayozunguka nguzo kwa mbele, au nati yake. Ikaze kwa spana inayoitosha, kwa mkono mwepesi. Kama pete ni ya kusukumiwa tu na tundu limepanuka, izungushie utepe mwembamba wa karatasi kabla ya kuirudisha. Mikia mirefu ya nyuzi inayogusana nayo hulia hivyohivyo, ikate.

Nabadilisha vigingi. Nipime nini?

Kipenyo cha tundu, unene wa kichwa, na umbali kati ya nguzo na nguzo. Vya gitalele vinaweza kuja vitatu kwenye bamba moja. Kwa magitaa ya klasiki umbali uliozoeleka ni milimita 35, lakini kichwa kidogo hakifuati lazima. Vya mojamoja vinasamehe zaidi. Tundu dogo hupanuliwa taratibu kwa chombo cha kuchongea tundu, si kwa dreli, kwani dreli hupasua rangi na mbao.

Tundu la skurubu la zamani likilegea, lijaze kijiti cha kuchokolea meno chenye gundi ya mbao, acha likauke, toboa upya. Paka skurubu sabuni au nta. Skurubu hizo ni laini. Ikivunjikia ndani, kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku nzima.

Ukiona kichwa kimekuwa kizito na ukulele inataka kudondoka mbele, badilisha vishikio vya chuma uweke vya plastiki au mbao, au tumia mkanda.

Jozi inakubaliana ikiwa wazi, lakini freti ya 12 inapishana. Kwa nini?

Uzi mnene hupanda zaidi unapobonyezwa. Mwembamba wa jozi hiyohiyo haupandi kiasi hicho, na wote wawili wanakaa kwenye mfupa mmoja wa daraja. Fundi anaweza kuchonga mfupa huo ili A nzito na C nzito ziegemee nyuma kidogo ya wenzao. Kabla ya hapo, badilisha uzi mnene kwa mwingine mwembamba kidogo, na uhakikishe si wa zamani. Uzi uliolika hausemi kweli popote. Ukipiga kordi za freti tano za kwanza tu, huenda hutaona tofauti ya kukusumbua.

Nibadilishe nyuzi lini?

Pitisha kidole chini ya uzi. Ukihisi vijishimo mahali pa freti, wakati umefika. Uzi uliovikwa waya unachoka mapema: waya hubadilika rangi, kisha hukatika juu ya freti ya pili au ya tatu. Nyuzi tupu za fluorokaboni zinaweza kukaa zaidi ya mwaka kwa anayepiga kiasi. Si lazima kubadilisha seti nzima. A nzito mbili au tatu zinaweza kupita kabla E haijachoka.

Nilegeze nyuzi nikisafiri au nikiiweka muda mrefu?

Kwa wiki chache, hapana. Kwenye joto kali, kama ndani ya gari lililofungwa, gundi hulainika na mvuto wa nyuzi sita hauisubiri. Shusha sauti toni mbili, au bora usiiache humo. Unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 60 unaifaa. Ukiirudia baada ya miezi, tuni C nyembamba mwisho, na uso wako uwe mbali nayo.